Jezi ya Timu ya Robota

Tarehe kumi na moja Januari nilimpoteza mume wangu, Baba Neema. Tarehe mbili Machi, siku tulipogawa nguo zake, nikaipoteza na jezi yake. La kwanza lilikuwa la Mungu. La pili lilikuwa kosa langu mimi, na ndilo ninalolieleza hapa, kwa sababu kila ninayekutana naye kwenye jumuiya ananiuliza, "Mama Neema, ni kweli ulionekana kibanda umiza Msimbazi unashangilia mpira?" Ni kweli, nilikuwemo. Kushangilia, nilishangilia mara moja tu.

Mtacheka nikiiita safari. Kutoka Kisutu ninakoishi mpaka Msimbazi, mtu mwenye miguu mizima anatembea nusu saa. Mimi nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi nikarudi saa moja na nusu jioni. Basi la kwetu Rombo halichukui muda mrefu kuliko huo.

Kwanza jezi yenyewe. Baba Neema aliuza mitumba. Miaka mingi iliyopita, Neema akiwa bado anatambaa, alifungua robota la nguo za michezo akaikuta: michirizi ya bluu na nyeupe, kola ya kijani, na kifuani ndege mweusi aliyesimama kwa mguu mmoja. Ndani ya kola mtu alikuwa ameshona jina lake kwa uzi mwekundu. Baba Neema aliuliza huku na huku mpaka akajua ni timu ya daraja la nne Uingereza. Wenzake wakamwambia aiuze haraka, hakuna anayeijua. Hakuiuza. Alisema, "Mtu huyu kaivaa mpaka imepauka, halafu kaitoa. Lazima awepo wa kushika zamu."

Hapa mjini kila mwanaume ana timu ya nyumbani na timu ya nje. Ya nyumbani anarithi, ya nje anachagua, na wengi huchagua zinazoshinda. Mume wangu alichagua hiyo. Jina la timu siliandiki kwa sababu sijui herufi zake. Mtaani waliiita Timu ya Robota. Hakuna kibanda kilichowahi kuionyesha, na Baba Neema alikufa hajaiona ikicheza hata dakika moja. Alisoma matokeo kwenye simu kila Jumamosi jioni.

Neema, mtoto wetu wa pekee, ni muuguzi Mwanza. Jumamosi alikuwa akipiga simu, na kabla ya salamu anauliza, "Baba, wametokaje?" Na yeye ana simu, angeweza kuangalia mwenyewe. Hakuangalia. Hiyo ilikuwa kazi ya baba yake. Na baba yake hakujibu "wamefungwa" ikaishia hapo. Lazima aweke na "lakini". Wamefungwa, lakini mvua ilinyesha. Wamefungwa, lakini kipa ni mgeni. Mimi nilikuwa nakaanga samaki, sisikilizi.

Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa nne Neema akanipigia. "Mama, nakuja Jumapili. Katika vitu vya baba nataka ile jezi tu. Vilivyobaki gawa vyote." Nikamwambia sawa, nikafungua sanduku. Haikuwemo. Ndipo nikakumbuka kwamba Baba Neema alikuwa akiikunja ndani ya mkono wa koti lake la kwendea Rombo, ili mende wasiipate. Na koti nililitoa mimi, kwa mkono wangu, nikampa Mzee Temba.

Kisutu mpaka Mnazi Mmoja

Mzee Temba anauza kahawa pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilifika saa mbili na nusu, nikakuta mabenchi na wanywaji lakini yeye hayupo. Alikuwa amekwenda kutafuta mkaa mkavu, maana usiku mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Nikakaa. Wazee wakasogea kunipisha, wakanipa pole, kisha wakarudi kwenye ubishi wao wa penalti ya juzi.

Saa nne akaja. Alikuwa amevaa koti la mume wangu. Koti zito la baridi ya mlimani, kwenye joto la Dar, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Unaona? Nalivaa kila siku kumuenzi rafiki yangu."

"Asante mzee, lakini utaugua."

"Nitaugua, lakini nitakuwa nimemuenzi."

Nikamwuliza kuhusu jezi. Akaweka mkaa chini, akatazama pembeni. Mzee Temba ni wa timu nyekundu, yeye, mkewe na watoto wote saba. Mume wangu alikuwa wa kijani, na walikuwa wakinuniana wiki nzima baada ya watani hao kukutana.

"Niliikuta," akasema. "Lakini Mama Neema, ile kola! Ya kijani! Niingize kijani nyumbani kwangu? Wangenilaza nje."

"Mzee, hiyo ni timu ya Ulaya," akasema mmoja kwenye benchi.

"Kijani ni kijani."

"Mbona ile timu yako ya Italia ina kijani kwenye nembo?"

"Ile ni ya nje. Ya nje haihesabiki."

"Na kola si ya nje?"

Benchi zima likaangua kicheko.  Mzee Temba alinimiminia kahawa, akanipa kashata mbili, akasema aliipeleka jezi kwa Mzee Hasmukh, Mtaa wa Uhuru, kwa kuwa yeye hana timu yoyote nyumbani wala nje, kwa hiyo rangi hazimdhuru. Nilikunywa vikombe vitatu kwa heshima yake. 

Mtaa wa Uhuru

Mvua ilinikuta njiani. Nilijibanza chini ya kibaraza cha duka la mabeseni pamoja na watu kama thelathini, na mwenye duka akaona afadhali atuuzie mabeseni. Wanne walinunua wakajifunika kichwani wakaondoka. Mimi nilikaa. Ilipokatika nikakanyaga shimo lililojaa maji, mkanda wa kiatu ukakatika, na fundi viatu akanishonea huku akinieleza, bila mimi kumwuliza, kwa nini timu yake ya Ujerumani haijawahi kumwangusha ila mara tisa.

Mzee Hasmukh anauza khanga na vitenge. Duka lilikuwa la babu yake. Aliponiona mlangoni alinyanyua mikono yote miwili.

"Mama Neema! Nani kakuambia? Nilitaka iwe zawadi!"

Sikuelewa. Akanivutia kiti, akaagiza chai ya maziwa na sahani ya gathia, zile tambi za dengu za kukaanga ambazo ukianza huwezi kuacha. Kisha akaeleza. Jezi ilipomfikia aliona kwapa limeachia. Akasema haiwezi kurudi kwa mjane ikiwa imechanika. Akaipeleka kwa fundi Shabani, Mtaa wa Kongo, ili ikishashonwa aniletee mwenyewe, ikiwa imepigwa pasi. Kisha mgongo ukamlaza kitandani mwezi mzima.

"Kwa hiyo umeifuata hapa? Bado iko kwa fundi. Kesho ningeituma."

Nikamshukuru, na nilimaanisha. Nikamwuliza kilichokuwa kikinisumbua tangu kwa Mzee Temba: kwa nini yeye, mtu asiyependa mpira?

"Mimi napenda kriketi," akasema. "Lakini siku moja mumeo alikuja hapa akasema anafungua tawi la mashabiki, na tawi lazima liwe na watu. Nikamwuliza, mpaka sasa mko wangapi? Akasema, na wewe, wawili."

Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Januari.

"Kila Jumatatu alipita kunisomea taarifa ya tawi," akaendelea. "Amesimama, karatasi mkononi. Mama Neema, nimesikiliza taarifa hizo miaka mingi. Ushindi naukumbuka mara tano."

Sikuwahi kujua habari ya taarifa hizo. Nilidhani Jumatatu alikuwa akienda kutafuta chenji.

Nilipoaga, Mzee Hasmukh alitoa doti ya khanga, akaikunja kwenye mfuko. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikapokea.

Mtaa wa Kongo

Mnaoijua Kariakoo siku ya Jumamosi sina haja ya kuwaeleza. Mkokoteni uliobeba magodoro ulikuwa umekwama katikati ya Mtaa wa Kongo, na mwingine wenye ndoo ukiutazama uso kwa uso, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Watu tukawa tunapita chini ya magodoro tukiwa tumeinama. Nilipoinuka upande wa pili nilikuwa nimeshikishwa soksi jozi sita na kijana ambaye sikumwona alipotokea, na ilinichukua muda kumrudishia.

Fundi Shabani alikuwa ameenda kuswali. Kwenye baraza yake cherehani ilikuwa imefunikwa kwa nailoni. Nikaagiza wali maharage kwa mama lishe wa jirani, na nilikuwa nimekula nusu sahani alipotokea, kofia kichwani, mtu mpole.

"Jezi ya ndege mweusi," nikamwambia. "Ya Mzee Hasmukh."

Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa ana homa.

Kwake utaratibu ni mmoja: nguo ikikaa mwezi bila mwenyewe kuifuata, anaitundika nje na anayeitaka anaichukua. Wakati wa mgongo wa Mzee Hasmukh mwezi ulipita. Jezi ikatundikwa. Akapita msukuma mkokoteni mmoja wanayemwita Injini, akapiga kelele kwamba hiyo ni jezi ya timu yake ya Uhispania, yenye michirizi ya bluu na nyeupe vilevile. Alimbebea fundi marobota mawili ya vitambaa, fundi akampa jezi.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni ya marehemu."

Nikamwambia namsamehe, maana mimi ndiye wa kwanza kuitoa bila kujua. Akanisogelea.

"Tufanye hivi. Jirani yangu hapa ana mashine ya kuchapa. Saa kumi na moja unaondoka na jezi kama ile ile. Michirizi, kola, na ndege tunamweka, hata miguu miwili ukitaka. Kwapani tunaipausha kwa dawa. Mwanao hatajua."

Nawaambia ukweli wangu. Sikukataa hapo hapo. Nilimalizia wali wangu wote nikilifikiria jambo hilo, tena nikayakwangua maharage. Neema angefika kesho. Sikuwa na uhakika kama huyo Injini nitampata, na nilikuwa nimechoka.

"Na jina ndani ya kola?" nikauliza. "La uzi mwekundu?"

"Tunalishona. Nikumbushe tu lilivyokuwa."

"Hapana, fundi. Mimi nitajua."

Hakubishana. Alinawa mikono, akaniambia Injini Jumamosi haondoki kwenye kibanda umiza kilicho nyuma ya maduka ya vipuri, Msimbazi, na kwamba niwahi, maana mpira ukianza mlango unafungwa.

Msimbazi

Sikuwahi. Mlangoni alikaa jamaa mnene kwenye kreti ya soda. Aliponiona na mkoba wangu na mfuko wa khanga akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, kama unamtafuta mumeo, humu hayumo."

"Najua kwamba hayumo," nikamwambia. "Natafuta jezi."

Alinitazama, akafungua.

Kibanda umiza ni chumba cha mabati, mabenchi na televisheni moja, na jina lake si la uongo: kinaumiza mgongo, magoti na masikio. Kulikuwa na watu wasiopungua sitini. Benchi la pili, mbele yangu kabisa, niliona kola ya kijani iliyopauka na shingo ya mwanaume. Kidogo niite jina la mume wangu. Nilishika nguzo mpaka hali hiyo ikapita.

Kisha nikamgusa begani nikamweleza, kwa sauti ya chini. Lakini kwenye kibanda hakuna sauti ya chini. Benchi lote liligeuka. Injini, mtu wa makamo mwenye mabega kama mlango, akasimama, akaishika jezi pindoni aivue.

"Oya! Oya! Unafanya nini?"

"Mpira unaendelea, Injini!"

"Ukiivua sasa hivi tumekwisha!"

Wakanieleza wote kwa pamoja. Mpira ukiwa unaendelea jezi haivuliwi, kuivua ni kuikana timu. Na zaidi ya hapo, tangu Injini aanze kuivaa ile jezi, timu yao ya Uhispania haijafungwa.

"Mama yangu," akasema Injini, mikono kifuani, "mimi nakupa. Naapa nakupa. Lakini nipe dakika tisini."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote ya ndoa. Dakika tisini tu, Mama Neema. Nikakaa. Mtu akanipa kipande cha boksi nijipepee, mwingine akanipitishia mhogo wa kukaanga wenye pilipili.

Kabla ya mapumziko walipata bao moja na bati likatikisika. Ilipopigwa filimbi, Injini akanigeukia, na wengine wakasikiliza.

"Kwa hiyo marehemu alikuwa mwenzetu? Alikuwa wa timu hii?"

Ningeweza kusema ndiyo. Walikuwa wema, na walikuwa wanaongoza.

"Hapana," nikasema. "Hii jezi si ya timu yenu. Ni ya timu ya daraja la nne Uingereza. Tazama ndege."

Injini aliinamisha kichwa akaitazama nembo. Nyuma mtu akasema taratibu, "Wallahi, yetu haina ndege."

"Wiki zote hizi!" akapiga kelele mwingine. "Injini umetuvalia jezi ya watu!"

"Nilidhani ndio jezi ya ugenini!"

"Kola ya kijani hukuiona? We ni injini ya umeme au ya mafuta?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Injini alitaka kuivua kwa aibu, wakamkataza tena. Jezi ni ya watu, wakasema, lakini bahati ni yetu, kaa hivyohivyo. Mwenye kibanda akaja na simu yake, akasoma jina la timu kwenye kifua cha Injini herufi moja moja, akatafuta.

"Mama, timu yenu inacheza sasa hivi. Wako mapumziko kama sisi. Wanaongoza moja bila."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Siwezi kusema nilisema nini. Nilikuwa nimesimama, mhogo mkononi, na watu sitini ambao hawajawahi kusikia timu hiyo wakashangilia pamoja nami. Hiyo ndiyo mara moja niliyowaambia.

Kipindi cha pili hakikuwa kizuri. Timu ya Uhispania ilisawazishiwa mwishoni, na lawama zote zikaniangukia.

"Ni mama huyu! Angenyamaza tu!"

"Mwacheni, kasema kweli."

"Kweli imetugharimu pointi mbili!"

Lakini hawakufungwa. Filimbi ya mwisho ilipolia, mwenye kibanda alinitafuta kwa macho, akatikisa kichwa. Timu ya Robota ilikuwa imechapwa mbili moja.

Injini akaivua jezi pale pale, akaikunja vizuri kuliko nilivyotegemea, akanipa kwa mikono miwili. Alibaki kifua wazi. Nikatoa doti ya Mzee Hasmukh, nikaichana katikati, nikampa kipande kimoja. Akajitupia mabegani na kibanda kizima kikampigia vigelegele kama bibi harusi.

"Hiyo timu yenu," akaniuliza tukiwa mlangoni, "tawi lina watu wangapi?"

"Amebaki Mzee Hasmukh wa Mtaa wa Uhuru."

"Na wewe, wawili. Basi niandikeni wa tatu."

Kisutu, Jumapili

Sikuifua. Ilinuka jasho la mtu mwingine na grisi ya mkokoteni, lakini nilitaka Neema aione kama ilivyofika. Alikuja alasiri, macho mekundu kwa safari ya Mwanza. Kabla hajaweka begi chini nilimwambia yote: koti, kola, kwapa, marobota mawili, na ile mashine ya kuchapa, na kwamba niliifikiria.

Alisikiliza amesimama. Aliichukua jezi, akageuza kola, akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu.  Kisha akaniuliza, si kwa sauti ya msibani, kwa ile ya Jumamosi:

"Mama, wametokaje?"

"Wamefungwa mbili moja," nikasema. "Lakini walitangulia wao."

Neema akacheka huku analia. Akaivaa jezi juu ya gauni lake.

"Dakika ya ngapi?"

Nikamwambia ukweli, sijui. Akatoa simu yake, akanisogezea kiti, tukaitafuta pamoja. Ilikuwa dakika ya thelathini na nane.